Nani Atalipa Paa la Kanisa?



Upepo ukivuma usiku ukang'oa mabati ya kanisa, asubuhi watu hukusanyika uwanjani. Hutazama juu, mahali palipokuwa na paa, kisha swali hutoka: Nani atalipa? Wengine husema, «Askofu.» Wengine husema, «Wale Mapadri wa zamani waliolijenga.» Wengi hunyamaza. Ni mara chache sana atokee mtu wa kusema, «Kanisa letu lina bima.»

Sisi tulio upande wa Opala, katika msitu wa mto Lomami, twaijua radi, twaijua mvua kubwa, tena twavijua vita. Lakini neno bima, au asiransi kama wengi wetu tunavyosema, twalisikia zaidi kwa wenye magari na pikipiki. Ndiyo maana tumeona yafaa kueleza habari zake tangu mwanzo: bima ya nyumba za Mungu ilitoka wapi, imefikaje kwetu, inalipa nini, na tena haimlipi nani. Maana jambo hili la mwisho limewashangaza wengi, wakalijua wakati saa imekwisha pita.

Kanisa la majani

Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu walifika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mwaka wa 1897. Padri Gabriel Grison akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli siku ya Noeli mwaka ule ule. Kutoka mtoni injili ikaingia msituni kwa miguu na kwa mitumbwi, na mara nyingi waliotangulia kukaa vijijini walikuwa makatekista.

Makanisa ya kwanza vijijini yalikuwa ya miti, udongo na majani. Kanisa la namna hiyo likianguka, hasara yake ni kazi ya mikono. Wanaume huenda kukata miti, vijana hukata kamba, wanawake huteka maji na kukanyaga udongo, watoto hubeba majani. Baada ya majuma machache watu husali tena chini ya paa. Hakuna aliyetoa falanga, hakuna aliyeandika barua. Msitu ndio uliokuwa ghala, na jirani ndiye aliyekuwa bima.

Basi tusiseme kwamba wazee wetu hawakujua jambo hili. Walilijua sana. Nyumba ya mtu ikiungua, kijiji kizima kilimjengea, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kesho moto waweza kufika kwake. Hiyo ndiyo roho ya bima: wengi hutoa kidogo ili mmoja asizame katika shida yake.

Tena tazameni likelemba yetu. Watu kumi hutoa fedha kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea zote kwa zamu. Bima ni ndugu wa likelemba, ila tofauti yake ni hii: katika likelemba kila mtu atapokea zamu yake, katika bima hupokea yule tu aliyepatwa na ajali. Aliyekaa salama miaka ishirini hapokei kitu. Wengi hukasirika kwa sababu hiyo, wakasema fedha zao zimeliwa bure. La! Zimemjengea mwenzake, na yeye mwenyewe alilala usingizi bila hofu miaka ile ishirini.

Mambo yalibadilika matofali na mabati yalipokuja. Kanisa la matofali hudumu miaka mingi, ni kweli. Lakini paa la mabati likiruka, huwezi kwenda msituni kukata bati jingine. Bati, misumari na saruji hutoka Kisangani, na vyote vyataka fedha, pamoja na mashua au lori la kuvileta mpaka Opala. Kadiri kanisa lilivyokuwa imara, ndivyo lilivyokuwa gumu kulijenga upya. Hapo ndipo mikono peke yake ilipoanza kupungukiwa.

Sanduku la Yehoyada na moto wa London

Haja ya kutunza nyumba ya Mungu ni ya zamani sana. Katika Kitabu cha pili cha Wafalme twasoma jinsi mfalme Yoashi alivyoona Hekalu limeharibika, na matengenezo hayafanyiki ingawa fedha zilitolewa. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na altare. Fedha zilipokuwa nyingi, zilihesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakawalipa maseremala na waashi. Angalieni vizuri: sanduku lilikuwa na kazi moja tu, likakaa mahali pa wazi, na waliohesabu walikuwa wawili. Tutarudi kwenye sanduku hilo.

Bima ya moto kama tunavyoijua leo ilizaliwa kwa msiba. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1666 moto uliteketeza mji wa London katika Uingereza. Nyumba zipatazo 13,000 ziliungua, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo na makanisa 87 ya parokia. Hakuna hata moja lililokuwa na bima, maana bima ya moto haikuwapo mjini. Makanisa yale yalijengwa tena kwa kodi iliyotozwa juu ya makaa ya mawe. Karibu mwaka wa 1680 Nicholas Barbon akafungua huko ofisi ya kwanza ya bima ya moto: mwenye nyumba hulipa ada kila mwaka, na nyumba ikiungua ofisi humlipa au humjengea.

Baadaye watu wa dini wakaunda bima zao wenyewe. Waanglikana wa Uingereza walianzisha kampuni ya bima ya makanisa mwaka wa 1887. Wakatoliki wa Marekani walianza chama chao cha kusaidiana mwaka wa 1889. Maaskofu wa Australia walifuata mwaka wa 1911. Walifikiri hivi: badala ya kila jimbo kuhangaika peke yake, majimbo yote yaweke fedha pamoja.

Lakini historia ya Australia ina onyo, nasi hatutalificha. Kampuni ile iliacha kuandika bima mpya mwaka wa 2023. Iliyoilemea si radi wala moto. Ni madai ya watu waliotendewa maovu walipokuwa watoto, mikononi mwa watumishi wa Kanisa. Bima yaweza kujenga ukuta ulioanguka. Haiwezi kushika mahali pa uangalizi wa watoto, wala haifuti dhambi. Parokia inayotaka kujikinga ianze kwa kuwalinda watu, kisha ilinde mabati.

Mioto miwili ya Uganda

Turudi karibu na kwetu. Katika Uganda makanisa mawili yaliungua, na mioto ile miwili yaonyesha waziwazi kitu ambacho kila mwenye kukata bima apaswa kujua.

Moto wa kwanza ulikuwa wa vita. Tarehe 24 Januari 1892 palipiganwa vita vya Mengo, kati ya upande wa Wakatoliki na upande wa Waprotestanti waliosaidiwa na kapiteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza. Misioni ya Rubaga ya Mapadri Weupe iliteketezwa. Nani alilipa? Si kampuni ya bima. Serikali ya Ufaransa ililalamika, watu wakatumwa kuchunguza, majadiliano yakaendelea miaka. Mwishowe, mwaka wa 1898, serikali ya Uingereza ililipa pauni 10,000. Yaani serikali ililipa kwa sababu ya madai, na ilichukua miaka sita.

Moto wa pili ulitoka mbinguni. Waanglikana wa Namirembe walikuwa wamejenga kanisa kuu la matofali lenye paa la nyasi, likawekwa wakfu mwaka wa 1904. Tarehe 23 Septemba 1910 radi ililipiga, paa likashika moto, na kazi ya miaka ikaisha kwa saa chache. Kanisa jingine, ambalo paa lake ni la vigae, lilikamilika mwaka wa 1919. Miaka tisa ya kungoja!

Haya, tofauti yao ni nini? Radi, moto wa taa, tufani: hizo ni ajali, na bima huweza kuzilipa ikiwa zimeandikwa katika hati. Vita, maasi na ghasia ni jambo jingine. Kwa kawaida hati ya bima huviondoa kabisa, isipokuwa mtu amenunua kinga ya pekee, nayo ni ghali, na penye vita kampuni hukataa kuiuza. Sababu yake si ngumu. Kampuni hutegemea kwamba nyumba moja itaungua na mia zitabaki salama, ili ada za mia zijenge ile moja. Vita huunguza mia zote siku moja. Hakuna sanduku litoshalo.

Bima katika nchi yetu

Katika Kongo kabla ya mwaka wa 1966, bima ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kibinafsi, mengi yao ya kigeni. Mwaka ule serikali iliunda SONAS, shirika la taifa la bima, likawa peke yake lenye ruhusa ya kazi hiyo nchini. Sheria ya mwaka wa 1973 ililazimisha kila gari kuwa na bima kwa ajili ya watu linaloweza kuwaumiza. Sheria za mwaka wa 1974 ziligusa ujenzi, na moto katika majengo ya namna fulani. Basi karibu miaka 50 aliyetaka bima alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha hodi.

Sheria mpya ya bima ilitolewa tarehe 17 Machi 2015. Ilifungua soko kwa makampuni mengine, ikaanzisha mamlaka ya kuyasimamia, iitwayo ARCA. Tangu mwaka wa 2019 makampuni ya kibinafsi yalianza kupewa ruhusa. Sheria hiyo yataka mali iliyoko nchini ikatiwe bima kwa kampuni iliyoruhusiwa nchini. Kwa hiyo msikubali mtu aje na karatasi nzuri yenye mihuri ya ng'ambo. Kwanza ulizeni: Je, kampuni hii ina ruhusa ya ARCA?

Hata hivyo tuseme ukweli. Kutoka Opala mpaka ofisi ya bima ni safari ndefu, tena ya mwituni. Kampuni hutazama jengo ni la nini: matofali na mabati hulipiwa kwa namna moja, udongo na majani kwa namna nyingine, au hukataliwa. Nayo hutaka kumtuma mtu aone. Ndiyo maana makanisa mengi madogo ya vijiji hayana bima ya kampuni, na baadhi yao hayatakuwa nayo kamwe. Je, yabaki bila kinga? Hasha. Lakini kwanza tuone vita vilitufundisha nini.

Vita na karatasi

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1964 waasi, walioitwa Simba, waliingia Stanleyville. Miezi ile Kanisa la upande wetu lilipoteza hazina isiyoandikwa katika hati yoyote ya bima. Wamisionari 28 wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu waliuawa, akiwamo Askofu Joseph Wittebols wa Wamba, aliyeuawa tarehe 26 Novemba. Tarehe 1 Desemba Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, naye Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka wa 1985. Mbele ya damu hiyo, kuhesabu mabati ni kama aibu. Lakini waliosalia walipaswa kusali mahali fulani na kufundisha watoto mahali fulani, na kila kitu walipaswa kukianza upya.

Vita vingine vikaja. Toka tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu: raia zaidi ya 760 waliuawa, wapatao 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika, shule 69 zilipigwa kwa mizinga. Kanisa kuu nalo lilipigwa. Watu 65,000 walikimbilia msituni.

Nani alilipa? Hapa tena si bima. Nchi yetu ilishtaki mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague. Kesi dhidi ya Rwanda haikuendelea, maana mwaka wa 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka juu yake. Dhidi ya Uganda ilikuwa imekwisha hukumu mwaka wa 2005 kwamba ina hatia. Ndipo ikaja hesabu ya fidia. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya majengo na mali, milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi ulionyang'anywa. Zilipwe mara tano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Serikali yetu ikaweka mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao Kisangani, kugawa fedha hizo.

Msomaji ataona mwenyewe jinsi lililotolewa lilivyo dogo mbele ya lililoombwa. Sababu moja kubwa ni karatasi. Mahakama ilikiri kwamba hasara ilikuwa kubwa, lakini juu ya majengo mengi haikupata vithibitisho vya kutosha: yalikuwa ya nani, yalikuwa na thamani gani, yaliharibikaje. Ndiyo sababu ikatoa jumla moja kwa makadirio yake. Toka vita hadi hukumu ile ilipita miaka 22. Katika miaka hiyo ukuta huanguka, shahidi hufa, daftari huliwa na mchwa.

Rubaga ya 1892 na Kisangani ya 2000 zasema neno moja. Ajali ya kawaida hulipwa na bima, hasara ya vita hudaiwa kwa serikali, na pande zote mbili huuliza swali lile lile: Onyesheni hati zenu.

Kanisa hili ni la nani?

Swali hilo kwetu si dogo. Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, kati ya Baba Mtakatifu na Serikali Huru ya Kongo, yaliahidi kila misioni hekta 100 mpaka 200 za ardhi, nayo misioni iweke shule. Hivyo misioni kubwa zilipata ardhi kwa maandishi. Baadaye sheria zikabadilika. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka wa 1973, ardhi yote ni ya Serikali, na haki ya mtu au ya shirika juu ya kiwanja huonekana kwa hati ya usajili. Mwaka wa 1974 hata shule zetu zilichukuliwa na Serikali, zikarudishiwa Kanisa usimamizi wake kwa mapatano ya mwaka wa 1977. Mapatano mapya na Baba Mtakatifu yalitiwa sahihi tarehe 20 Mei 2016, yakaanza kutumika mwaka wa 2020, nayo yatambua hadhi ya Kanisa mbele ya sheria za nchi.

Lakini je, kanisa dogo la kijiji? Mara nyingi mzee wa ukoo alisimama akanyosha mkono: «Toka mti ule mpaka kijito kile, ni pa Mungu.» Neno lake lilitosha, maana alikuwa mtu wa heshima. Sasa mzee amekufa, mti umekatwa, na wajukuu hawakumbuki sawasawa. Kampuni ya bima hailipi nyumba bila kujua ni ya nani, na mahakama vivyo hivyo. Nasi twasema, hata kama hakuna kampuni wala mahakama, ugomvi wa kiwanja waweza kubomoa kanisa kuliko tufani.

Mama Kanisa amelifikiri jambo hili. Sheria za Kanisa za mwaka wa 1917 zilikwisha kuwaagiza wasimamizi wa mali waangalie isipotee wala isiharibike. Sheria za mwaka wa 1983, katika kanuni ya 1284, zaongeza waziwazi kwamba penye haja wafanye mapatano ya bima, na kwamba umiliki wa mali ulindwe kwa njia zinazokubaliwa na sheria ya nchi. Kanuni ya 1283 yadai orodha ya mali, iandikwe na kutiwa sahihi, nakala moja ikae kwa msimamizi na nyingine katika kuria ya jimbo. Basi hayo si mambo ya wafanya biashara tu. Ni wajibu mbele ya Mungu, maana mali ile ilitoka katika jasho la maskini.

Tufanye nini huku msituni?

Kwanza, tuandike. Katekista, pamoja na wazee wawili, apime kiwanja kwa hatua, aandike mipaka, majina ya mashahidi na siku. Chifu atie sahihi. Kisha orodha: mabati mangapi, viti vingapi, altare, kengele, ngoma, kalisi, mavazi ya ibada. Siku hizi vijana wana simu zenye kupiga picha. Wapige picha ya kanisa pande zote nne na ndani. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe jimboni. Karatasi inayokaa ndani ya kanisa huungua pamoja na kanisa.

Pili, tuchague cha kukatia bima ya kampuni. Gari na pikipiki za parokia sheria yazitaka, hapo hatuna uchaguzi. Kisha kanisa la parokia la matofali, shule, zahanati, nyumba ya Mapadri, na mashua yenye mashine kama ipo: hayo parokia iyapeleke kwa mwekahazina wa jimbo, maana jimbo likikata bima ya majengo mengi pamoja, husikilizwa kuliko parokia moja. Tena iulizwe bima ya kuwalipa wengine, kwa mfano ukuta wa shule ukianguka juu ya mtoto.

Hapo jihadharini na mtego mmoja. Wengine, ili ada iwe ndogo, hutaja thamani ndogo kuliko ya kweli. Tuseme jengo ni la dola 40,000, nanyi mmeandika 20,000. Tufani likiharibu vitu vya dola 10,000, mwadhani mtalipwa 10,000. Kumbe sivyo! Mlilipia nusu ya jengo, basi kampuni yaweza kuwalipa nusu ya hasara, yaani 5,000. Tena someni hati yote kabla ya sahihi: imeandika moto tu, au radi na tufani pia? Wizi hulipwa kwa masharti gani? Ajali itangazwe kwa muda wa siku ngapi? Kwa watu wanaokaa siku nyingi za njia kutoka ofisini, neno hilo la mwisho laweza kupoteza kila kitu.

Tatu, kwa makanisa ya vijiji ambayo kampuni haiyataki, turudie sanduku la Yehoyada. Tufanye hesabu ya mfano. Parokia ina makanisa 20 ya vijiji. Kila kijiji kikitoa falanga 5,000 kwa mwezi, ni 100,000 kwa mwezi, na 1,200,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazijengi kanisa jipya. Lakini hununua mabati na misumari ya kufunika upande ulioruka kabla mvua haijabomoa kuta. Masharti ni yale yale ya zamani: sanduku liwe na kazi moja tu, wahesabu wawe wawili au zaidi, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Mfuko wa paa ukitumiwa mara moja tu kwa sikukuu, umekwisha kufa.

Nne, tuzuie ajali. Mti mkubwa uliooza karibu na kanisa ukatwe. Mishumaa izimwe na mtu aliyetajwa kwa jina. Kanisa kubwa liwekewe chuma cha kuishusha radi ardhini, maana bonde la Kongo ni mojawapo ya pande za dunia zenye radi nyingi kabisa. Mabati yafungwe kwa misumari ya kutosha. Msumari ni bima ya bei ndogo.

Je, ni kukosa imani?

Wako wanaosema, «Mungu ndiye bima yetu. Kukata bima ya kanisa ni kukosa imani.» Sisi twaheshimu imani yao, lakini twauliza: Je, Yosefu alikosa imani katika Misri alipoweka ghalani nafaka za miaka saba ya shibe? Mungu mwenyewe ndiye aliyemwonyesha njaa itakayokuja, naye kwa kutii akajenga ghala. Imani haimkatazi mtu kufunga mlango usiku.

Wengine husema, «Likianguka, wafadhili watatusaidia.» Ni kweli kwamba kanisa kuu la Bikira Maria mjini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, watu wapatao 340,000 wa nchi zipatazo 150 walitoa zaidi ya euro milioni 840, na milango ikafunguliwa tena Desemba 2024. Jengo lile ni mali ya serikali ya Ufaransa, nayo haikulikatia bima kwa kampuni. Hubeba hasara yenyewe. Lakini dunia nzima ililiona kanisa lile likiungua. Kanisa la kijiji cha Lomami likianguka usiku, atakayeona ni jirani. Basi jirani ajiandae.

Wapenzi, miezi ya mvua chache ikifika, kila halmashauri ya kanisa itenge siku moja. Misa kwanza. Kisha daftari, kamba ya kupimia na kalamu. Wazee wanaojua mipaka waitwe wakingali hai, vijana washike kamba, na msomi mmoja aandike kwa herufi zinazosomeka. Kazi ni ya siku moja tu, na waliobaki wakijua mipaka ni wachache.